Ukingo wa Mpasuko

Chana kwanza, alisema Cirimwami,
kabla hujaniuliza bei.
Nikachana, nikauinua ukingo dirishani,
kwenye mwanga mchafu wa Nyawera:
pale palipopasuka pameota manyoya.

Hizo ni nyuzi ndefu, akasema, za misonobari ya nchi za baridi.
Zimeshikana kama wanawake wanaovuka mto wenye kasi,
kila mmoja mkono kiunoni mwa mwenzake.
Na hii?
Nikachana ya pili. Ukingo laini, kama wa kisu.
Mkaratusi. Nyuzi fupi. Wino unaipenda,
herufi zinakaa bila kutambaa,
bibi harusi anatoka na kope zake zote.
Ila usiibebeshe mzigo.

Na ile iliyokwisha kuwa karatasi,
ikalowekwa, ikapondwa, ikawa uji, ikawa karatasi tena,
kila safari huacha kipande cha urefu wake majini.

Sikujibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na kwangu nguvu ilikuwa uzito.

Ndiyo maana alipoteremka Mama Nsimire kutoka Kadutu
na mkataba wa kiwanja,
kile ambacho mlima ulikisogeza kwa mvua moja
na jirani akausogeza mpaka kwa mvua ya pili,
akasema, nipe karatasi isiyokufa,
mimi nilipanda ngazi hadi rafu ya juu:
gramu mia mbili na hamsini, yenye kung'aa,
ya kadi za watu wenye magari.

Umeme ulirudi saa nane za usiku. Nikachapa.
Asubuhi akaigonga kwa kucha, ikalia kama bati.
Akacheka. Akailipia.
Kisha akaikunja mara mbili, ikae kwenye fundo la kitenge,
na nilisikia.
Ka!
Mstari mweupe ukapita katikati ya jina la shahidi wa tatu.
Tulinyamaza wote wawili, kama watu waliosikia mfupa.

Alirudi kabla mvua hazijakatika,
na vipande vinne katika mfuko wa sukari.
Mwanangu, akasema,
uliniuzia mlango.
Mimi nilitaka nguo.

Cirimwami hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alivuta droo ya chini, ile inayokwama,
akatoa karatasi za daftari la hesabu za zamani,
za rangi ya meno, zenye pamba ndani,
gramu tisini tu, nyepesi hata nikaona aibu.
Akakata kipande, akalilowesha tumbo lake kwa ulimi.
Kikajiviringa kama jani la tumbaku.
Unaona kinavyolala? Huko ndiko nyuzi zinakokwenda.
Mkunjo wa kwanza tufuatane nazo.
Wa pili tuziombe radhi.

Herufi hazikuwa nzuri. Wino ulinywewa,
zikavimba kidogo kama macho ya mtu aliyelala vibaya.
Nilitaka kuchapa upya.
Acha, akasema Mama Nsimire, naweza kuzisoma.
Hakuwa anajua kusoma. Alipitisha kidole.

Cirimwami sasa yuko kwao Walungu, haoni vizuri,
anasoma magazeti kwa kuyachana.
Duka ni langu, na deni lake.
Vijana wanakuja wakitaka nzito, nzito zaidi,
nawapa kipande na dirisha.

Juzi Mama Nsimire alipita kunionyesha.
Kesi bado. Mahakimu watatu wameikunjua,
na makarani, na yule jirani mwenyewe kwa vidole vya mafuta.
Mara ngapi? nikamuuliza.
Akaitandaza mezani bila kujibu,
ikalala kimya, imelegea kama kanga ya miaka mingi.
Mashahidi wawili wamekwisha kufa.
Majina yao yameota manyoya kwenye mkunjo.
Yanasomeka.